Langilangi: Kukamua au Kukeneka?

Katika baadhi ya tafsiri za kilimo husemwa "kukamua mafuta ya langilangi". Hatuafiki. Kukamua ni kubana, kama ibanwavyo miwa. Langilangi, ua la manukato, halibanwi. Mvuke hupitishwa katika maua mabichi, hubeba mafuta, kisha hupozwa. Mafuta huelea juu ya maji. Huko ni kukeneka. Tofauti hii haiwahusu wanalugha peke yao: mkulima wa Bulwa, Usambara, akielekezwa kukamua, atanunua shinikizo na kuharibu maua yake. Aidha, Visiwani Komoro mafuta yatokayo mwanzo hutengwa, kwani ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Twapendekeza yaitwe "mkeneko wa kwanza". Neno kukeneka tunalo, litumike.