Waipa za Land Rover ya Zamani kwenye Mvua za Mweru

Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985 na kuenea katika misheni, idara za serikali na mashamba ya Afrika Mashariki na ya Kati, ina waipa zinazosifika kwa uvivu, na sifa hiyo imetokana zaidi na namna zinavyokarabatiwa kuliko namna zilivyobuniwa. Dalili ya kawaida ni kwamba waipa huenda polepole, husimama katikati ya kioo, kisha huzimika kabisa. Fundi huishuku mota, huifungua, huisafisha au hutafuta nyingine, na baada ya majuma machache dalili ileile hurudi. Uchambuzi huu unaieleza kazi hiyo kwa mpangilio mwingine, unaoanza na msuguano, ukafuata umeme, na kuiacha mota hadi mwisho, kwa kuwa katika mfumo huu mota aghalabu ndiyo inayoumia wala siyo inayoumiza.

Kenani, katika Wilaya ya Nchelenge upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, ni mahali panapolidhihirisha tatizo hilo waziwazi. Tangu 2017 jina hilo limejulikana kwa kituo cha kupokelea wakimbizi waliovuka kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo, ambao wengi wao walihamishiwa baadaye katika makazi ya Mantapala, na ambao walikuja na Kiswahili chao katika nchi ya Kibemba. Magari ya mashirika yanayowahudumia ni ya miaka ya karibuni, na waipa zake hazina mjadala mrefu. Lakini Land Rover ya zamani ikifika huko hukutana na hali ya hewa yenye nyuso mbili. Mkoa wa Luapula umo katika ukanda wa Zambia unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya vumbi, na hiyo ndiyo inayoziharibu waipa, ingawa lawama huangukia mvua, kwa sababu katika miezi hiyo hakuna anayezigusa: grisi iliyomo ndani hukauka na kuwa kama nta, vumbi hushikamana nayo, raba hukakamaa juani, na siku ya mvua ya kwanza mfumo mzima hudaiwa ufanye kazi kwa nguvu zote bila kuzinduliwa kwanza.

Ili kuelewa kwa nini mota isianze kushukiwa, ni lazima njia ya nguvu ifuatwe kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Katika magari mengi ya leo mota huendesha vyuma vilivyounganishwa kwa viungo hadi kwenye mihimili ya waipa, lakini Series III haina vyuma hivyo. Mota yake, Lucas 14W ya volti 12, hukaa nyuma ya dashibodi, na nguvu yake husafirishwa na kebo ya chuma inayopinda, ambayo kwa nje imezungushiwa waya mwingine kwa mizunguko iliyoachana sawasawa, ili mizunguko hiyo iwe meno. Ndani ya mota, amecha, yaani sehemu inayozunguka, ina mwisho wenye hesi kama za parafujo unaozungusha gia pana. Juu ya gia hiyo kuna pini iliyo kando ya kitovu, na pini hiyo huvuta na kusukuma mkono mfupi ulioshika kichwa cha kebo, hivyo mzunguko hugeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kebo hupita ndani ya mabomba membamba ya chuma hadi kwenye visanduku viwili, kimoja kwa kila waipa, ambamo meno yake hukutana na gurudumu dogo lenye meno lililofungwa kwenye mhimili. Kebo ikienda, mhimili hugeuka upande mmoja, nayo ikirudi, mhimili hugeuka upande wa pili.

Tabia ya kuikimbilia mota ina historia yake. Katika Series II na matoleo ya mwanzo ya IIA, kila waipa ilikuwa na mota yake ndogo iliyofungwa kwenye fremu ya kioo cha mbele, pamoja na kishikio cha kuizungushia kwa mkono pale umeme ulipogoma, na kwa hiyo waipa ikifa, mota iliyokufa ilionekana kwa macho. Mota moja yenye kebo iliingia mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mazoea ya gereji hayakubadilika pamoja na gari.

Kipimo kinachopaswa kutangulia vyote ni rahisi, na ni ajabu kwamba hufanywa mara chache. Mikono ya waipa huondolewa, kifuniko cha gia ya mota hufunguliwa, kichwa cha kebo hutenganishwa na pini, kisha kebo huvutwa ndani ya mabomba yake kwa mizani ya springi. Kiwango cha juu kinachokubalika ni takribani kilo 2.7; kebo inayodai zaidi ya hapo inaibebesha mota mzigo ambao haikuundiwa, hata kama raba hazijagusa kioo. Kwenye ufuo wa Mweru, ambako samaki hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, chombo hicho hakihitaji kuagizwa mbali, mradi itafutwe mizani ndogo, kwa kuwa ile ya kupimia magunia haiwezi kuonyesha tofauti kati ya kilo mbili na kilo nne.

Kebo ikiwa nzito, huvutwa ikatoka yote, ikafutwa na kuoshwa kwa mafuta ya taa, na mabomba nayo husafishwa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya hadi kitoke bila weusi. Baada ya hapo bomba huchunguzwa kwa urefu wake wote, kwa sababu mkunjo mdogo tu, ulioachwa na mtu aliyewahi kulisukuma ili apitishe waya wa redio, unatosha kuikaba kebo. Visanduku vya magurudumu pia hulegezwa, kwani ncha za mabomba hubanwa kati ya kisanduku na bamba lake la nyuma, na nati zikikazwa wakati bomba limekaa upande, kebo hulazimika kupinda ghafla mahali palipotakiwa pawe na mstari ulionyooka. Utaratibu ulio salama ni kuziacha nati zikiwa legevu, kuirudisha kebo yenye grisi mpya, kuisogeza mbele na nyuma kwa mkono hadi mabomba yajipange yenyewe, ndipo nati zikazwe kidogo kidogo huku mkono mwingine ukiendelea kuisogeza kebo. Grisi isiyochukuliwa na maji, ya aina inayotumika kwenye injini za mitumbwi, inafaa kuliko grisi nyepesi ya kawaida.

Katika visanduku hivyo ndimo ilimo hila nzuri kuliko zote za ukarabati huu. Gurudumu la mhimili halizunguki kamwe duara zima. Hucheza katika sehemu tu ya duara, huku na huku, kwa maisha yote ya gari, kwa hiyo meno ya upande mmoja hulika hadi yakawa makali kama ya msumeno, ilhali ya upande wa pili hayajawahi kuguswa. Meno yaliyolika huonekana kwenye kioo kama ulegevu: mkono wa waipa ukishikwa kwa vidole huyumba pasipo mhimili wa pili kutikisika. Badala ya kutafuta spea ambayo Nchelenge haipo, na pengine hata Lusaka itasumbua, fundi huitoa kebo, huligeuza gurudumu nusu duara, na kuirudisha kebo ikiwa imezungushwa nusu mzunguko juu ya mhimili wake, ili upande wake uliokuwa haugusi meno ndio uanze kazi. Kwa gharama ya grisi tu, sehemu mbili zilizochakaa hupata maisha ya pili. Ni haki kusema kwamba wabunifu walioacha nafasi hiyo, kwa kukusudia au bila kukusudia, walimfaa fundi wa mbali kuliko wabunifu wengi waliowafuata.

Msuguano ukiisha kushughulikiwa, umeme hupimwa wakati mota inafanya kazi, wala si ikiwa imezimwa, kwa sababu waya wenye kutu huonyesha volti 12 kamili pale usipobeba mzigo. Tofauti ya volti kati ya betri na mota ikizidi nusu volti hivi, ipo sehemu inayokula umeme njiani. Katika Land Rover sehemu hiyo mara nyingi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari. Paneli za nje ni za alumini na ukuta wa mbele, unaobeba dashibodi, ni wa chuma, na metali hizo mbili zikikutana penye unyevu hulana. Skrubu ya ethi hufunguliwa, mahali pake husuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha hupakwa grisi na kukazwa. Kuhusu fyuzi, tahadhari moja inatosha: fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35 lakini hubeba ampea 17 tu kwa muda mrefu, ilhali fyuzi nyingine za kioo zenye namba hiyohiyo zimeandikwa kiwango cha kubeba, kwa hiyo hazizilindi nyaya ipasavyo. Waya wa shaba uliosokotwa mahali pa fyuzi hauhitaji kuchambuliwa.

Mota hufunguliwa sasa tu, na ikiwa tu bado ina uzito. Brashi za kaboni, ambazo hupeleka umeme kwenye amecha inayozunguka, hubadilishwa zikifikia urefu wa milimita 4.8; ni tatu, mbili za mwendo wa kawaida na ya tatu ya mwendo wa kasi. Ganda la mota lina sumaku za kudumu, kwa hiyo halipaswi kuwekwa juu ya meza iliyotapakaa chembe za chuma za msumeno na tupa. Lina pia alama inayopaswa kuelekezwa kwenye alama ya kisanduku cha gia. Likirudishwa kinyume, mota itazunguka kinyumenyume na swichi ya kulaza waipa inaweza kuharibika.

Swichi hiyo ndiyo inayoongoza urejeshaji wa mikono. Dereva akizima waipa, swichi iliyo kwenye kisanduku cha gia huendelea kuipa mota umeme hadi pini ifike mahali pa kulala, kisha huukata, na papo hapo huziunganisha brashi ili umeme ambao mota inauzalisha kwa kuzunguka uwe breki yake. Kwa hiyo kabla ya kurudisha mikono, mota huachwa ifanye kazi kidogo na kuzimwa kwa swichi ya waipa, kamwe si kwa ufunguo wa gari, ambao ungeisimamisha popote ilipo. Mihimili ikishalala mahali pake, ndipo mikono inapochomekwa kwenye michirizi ya mihimili, raba zikiwa sambamba na ukingo wa chini wa kioo. Kioo hulowanishwa kabla ya jaribio la kwanza, kwani raba kwenye kioo kikavu huongeza mzigo na kumdanganya fundi kwamba kazi yote imeharibika. Raba ndefu za magari madogo ya Kijapani, zinazopatikana kirahisi sokoni, hazina budi kukatwa, kwa sababu vioo vya Series III ni viwili, bapa na vifupi, na raba iliyozidi hugonga fremu ya katikati.

Linabaki jambo ambalo ni la mpakani hasa. Zambia huendesha upande wa kushoto wa barabara na Kongo upande wa kulia, na gia za 14W zilitengenezwa kwa namna mbili, pini ikiwa upande mmoja au upande wa pili wa duara kulingana na mahali waipa zinapotakiwa zilale. Mota iliyochomolewa kwenye gari la usukani wa kushoto lililovuka kutoka Pweto itaingia bila shida kwenye gari la usukani wa kulia la Nchelenge, itazunguka kwa kasi inayotakiwa, na kila ikizimwa italaza waipa upande usiofaa. Fundi asiyelijua hili huichomoa na kuirudisha mikono mara kwa mara bila kufanikiwa, maana akiilaza vizuri, mfagio wote husogea nje ya kioo. Dawa ni kuhamisha gia ya mota ya zamani, ikiwa meno yake bado ni mazima, na kuiweka ndani ya mota iliyonunuliwa, kazi inayodai kuondoa kifuniko kimoja na kibano kidogo cha mhimili.