Anayejua Kufunga Mzigo

Mchuuzi wa kuzunguka masoko hupimwa kabla hajafungua kinywa. Utazame mzigo wake. Vikapu vinavyotoka kijiji cha Rukanga, Kasigau, kwenda kuuzwa huingizwa kimoja ndani ya kingine, kikubwa kikimeza kidogo, mikono ikilazwa ubavuni isivunjike, hadi dazeni nzima inaketi mahali pa vikapu viwili. Safari ya kurudi ni vivyo hivyo: beseni ndani ya beseni, sufuria ndani ya sufuria, na katikati ya ile sufuria ndogo kabisa zimesukumwa pakiti za chumvi, sabuni za miche na viberiti. Utingo hukadiria nauli ya mzigo kwa macho, haulizi uzito. Anayesafirisha hewa atailipia hewa.

Kasigau imesifiwa sana kwa wasukaji wake, na ni haki. Wageni huja kuwapiga picha akina mama wakisokota katani pajani. Ila yule anayekitoa kikapu chini ya mlima hadi kimfikie mtu mwenye fedha, huyo hapigwi picha, anaitwa mlanguzi. Mimi naona ufundi wake haupungui ule wa msukaji hata kidogo, na leo namsifu yeye.

Rukanga iko mguuni pa mlima Kasigau, wenye kimo cha mita 1,641. Ukitoka Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, unaingia barabara ya vumbi jekundu kwa zaidi ya kilomita 30, ukipita katikati ya ranchi ambazo ndovu huvuka wanapotaka wao. Gari likichelewa, limechelewa. Mchuuzi wa huku hupanga wiki yake kwa siku za soko: Wundanyi ni Jumanne na Ijumaa, Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Voi hufunguliwa kila siku, na ndiyo maana Voi ni mahali pa kununulia kuliko kuuzia. Mteja wa soko la kila siku hana haraka, anajua kesho utakuwepo. Siku ya chete ina makali yake. Mtu ameteremka kutoka milimani na ndizi zake, ameziuza, fedha iko mkononi, na gari la kurudi linaondoka alasiri. Muda wako ni huo tu, kati ya ndizi kuisha na gari kujaa.

Kazi hii ni ya zamani kuliko barabara. Mmishonari Johannes Rebmann alipofika Kasigau mwaka 1847, akiuandika mlima kwa jina la Kadiaro, alikuwa anafuata watu waliokwisha kuijua nchi kwa ajili ya biashara. Misafara ya pwani ilipita Rabai, ikavuka nyika ya Taru kwa kutegemea maji ya ngurunga, yale mashimo ya mwambani, ikapumua Maungu, kisha Ndara, hadi Taveta. Mpagazi alibeba kama frasila mbili: merekani, kaniki, shanga, masango ya shaba. Palipokuwa hakuna maji walikwenda tirikeza, wakiondoka alasiri, wakilala njiani na kiu na kuyafikia maji kesho yake asubuhi. Lakini jua halikuwa msiba pekee wa mfanyabiashara wa wakati ule. Msiba mwingine ulikuwa kufika na shanga zisizotakiwa. Joseph Thomson, Mskoti aliyeongoza msafara kwenda nchi ya Wamasai mwaka 1883, alilazimika kutua Taveta na kuwatungisha watu wake maelfu ya nyuzi za shanga, kwa kuwa Wamasai walizipokea zikiwa zimetungwa kwa urefu wanaoutaka wao, si vinginevyo. Shanga zilikuwa zilezile alizonunua pwani. Kilichokosekana ni maarifa, na maarifa hayo wachuuzi waliomtangulia walikuwa nayo.

Reli ilipopita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, misafara ya wapagazi ilikufa. Maarifa hayakufa. Mwulize mama anayetandaza turubai Wundanyi leo kwa nini safari hii ameacha mashuka na kuleta madaftari, atakujibu bila kufikiri. Januari shule zinafunguliwa, hakuna mzazi atakayetazama shuka. Pojo zikivunwa huku bondeni, wiki mbili tatu zinazofuata watu wananunua sufuria na khanga, maana hiyo ndiyo fedha ya mama wa nyumbani, na fedha ya mama hununua vya nyumba. Mwisho wa mwezi ni wa mwalimu na wa kibarua wa shamba la mkonge. Hao hutaka mitumba ya kamera, yaani ile ya daraja la kwanza, shati ambalo halijachujuka kola. Halafu kuna wachimba migodi. Tsavoraiti, lile jiwe la kijani, liligunduliwa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo kuna wanaume vichakani wanaokaa miezi bila senti, kisha asubuhi moja wakaamka na fedha ya kununua duka zima. Mchuuzi mbichi huwakimbilia. Aliyekomaa hupeleka vitu vichache vya bei, asubiri, wala hawakopeshi kwa ahadi ya jiwe ambalo bado liko ardhini.

Kuna Wazungu wanaoitamani kazi hii kiasi cha kuiigiza. Mwaka 1963 huko California, Phyllis na Ron Patterson walianzisha maonyesho yaliyofanana na gulio la Ulaya ya kale, na sasa Marekani na Ulaya zina maonyesho mengi ya namna hiyo. Wapo wanaoishi kwayo, wakihamisha hema za turubai kutoka mji mmoja hadi mwingine, wamevaa joho na viatu vya ngozi, wakiuza mishumaa, pembe za kunywea na mikanda iliyoshonwa kwa mkono. Kitu cha plastiki hufichwa nyuma ya pazia kisiharibu zama. Siwacheki. Wamelisogelea jambo la kweli: kwamba kununua kwa mtu aliyekileta kitu mwenyewe kuna ladha isiyopatikana kwenye rafu. Ila mwenzao wa Rukanga angeshangaa kuambiwa afiche beseni. Beseni ndilo linalomlipia mtoto karo, na hakuna vazi la kale linalomngoja avae ndipo aitwe mfanyabiashara.

Turudi kwenye vikapu, maana hapo ndipo jicho linapoonekana. Akinunua kwa wasukaji, mchuuzi hatazami rangi kwanza. Anakipindua, anakiweka chini kwa kitako na kukigusa ubavuni: kikiyumba, bei imeshuka. Anabonyeza kitako kwa dole gumba asikie kama safu zimebanana. Anavuta ukingo. Ndipo atazame rangi, nazo huziangalia kwa ndani, ambako jua halijafika, aone kama ni za magome na mizizi au ni za dukani zitakazochuja kwenye mvua ya kwanza. Msukaji anasimama pembeni kimya, na wote wawili wanajua kinachotazamwa. Kikapu kibaya hakirudishwi kwa dharau. Kinanunuliwa kwa bei ya kubebea viazi, na kitauzwa kwa mbeba viazi.

Sokoni mambo yanageuka.

"Mama, hiki pesa ngapi?"

"Mia nane, mwanangu. Kishike kwanza."

"Mia tano."

"Mia tano nenda kachukue kile cha nailoni pale. Mimi sikasiriki."

Halafu anaendelea kupanga chumvi zake kama mteja amekwisha ondoka. Huu ndio mstari mwembamba wa kazi nzima. Akimbembeleza, kikapu kimepoteza thamani mbele ya wote waliosimama. Akimpuuza sana, mtu ataona aibu kurudi. Neno "mwanangu" limemwachia mlango. Wanamalizana mia saba, na mteja anaondoka akiamini ameshinda, jambo ambalo pia lilikuwamo kwenye bei.

Mchuuzi hubeba habari vilevile, na Kasigau habari si mzigo mwepesi. Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walipokishambulia kituo cha Waingereza mlimani, wenyeji walituhumiwa kuwa ndio waliowapa adui siri. Waingereza wakawahamishia Malindi, mlima ukabaki bila watu, na wengi walikufa huko kwa malaria kabla ya waliosalia kuruhusiwa kurudi. Ndiyo maana, nadhani, wachuuzi wazuri wa huku ni watu wa habari za kuchagua. Watakuambia bei ya pojo Voi, nani amejifungua Bungule, ndovu wamelala shamba gani Jora. Ukiuliza nani amenunua nini kwa nani, wanakuuliza kama utachukua sabuni.

Siku hizi kikapu cha Kasigau kinaweza kuagizwa na mtu aliye ng'ambo ambaye hatakanyaga Maungu, na fedha ikaingia kwa M-Pesa. Wapo wanaosema mchuuzi amekwisha. Sioni. Agizo la ng'ambo hutaka vikapu vya kipimo kimoja, rangi moja, kwa tarehe. Halichukui kile kilichoyumba, wala halimkopeshi mtu sufuria hadi pojo zivunwe. Mikopo hiyo iko kwenye daftari lililofungwa kwa raba, na majina yake si ya kitambulisho. Kuna "Mama Mbuzi Wawili", kuna "Fundi wa Juu", kuna "Kofia Nyekundu" anayedaiwa mia tatu tangu masika. Kofia yenyewe aliiuza zamani, kwa mchuuzi huyohuyo, nayo ilikatwa kwenye deni.