Msumeno Ulioharibu Nyumba ya Kigamboni

Nyumba moja ya Kigamboni, Dar es Salaam, niliyoifuatilia tangu msingi, iliharibiwa kwa msumeno katika siku moja. Msingi ni imara, mkanda wa zege umemwagwa vizuri, kenchi zimepigwa kwa vipimo. Hayo nayapita.

Mikia ya kenchi ilikuwa imetoka nje ya ukuta sentimita 90. Mbao zimeshalipiwa, zimeshapakwa dawa, zimeshapandishwa. Ndipo mwenye nyumba akataka upenu mfupi, wa kisasa. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kubisha, akavuta uzi sentimita 30 kutoka ukutani akaanza kukata, mkia mmoja baada ya mwingine. Vipande vikawa kuni. Kilichookolewa ni bati lisilofika mita moja kila upande.

Hasara yake inapimika. Sebule inatazama kaskazini, na mchana wa Juni jua la Dar es Salaam hukaa upande huo, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Upenu wa sentimita 30 hushusha kivuli cha sentimita 52. Dirisha linaanza sentimita 60 chini ya upenu, kwa hiyo kivuli hakiligusi kabisa! Ule wa 90 ungeshusha sentimita 156, na karibu mita nzima ya kioo ingepona. Sasa kiyoyozi kitalipia kosa hilo kila mwezi.

Masika nayo huja na upepo, mvua ikapiga ukuta kwa ubavu. Maji ya bati yanaanguka jirani mno na msingi. Katazameni ule mkanda wa mchanga uliorukia rangi nyeupe, na lipu iliyoanza kuvimba chini yake.

Nimesikia utetezi kwamba upepo wa bahari hunyanyua upenu mrefu. Ni kweli, na ndiyo maana kenchi hufungwa kwa vyuma vilivyozikwa kwenye mkanda wa zege. Mikia haikatwi.

Ugonjwa ni uleule wa paa la kuficha, ambalo nimelipinga tangu lilipoingia mjini: ukuta umepandishwa juu ya bati, mfereji umefichwa nyuma yake, majani yakiziba maji yanaingia ndani. Waliojenga nyumba za Kiswahili walishusha upenu hadi juu ya baraza, watu wakazungumza nje huku mvua inanyesha. Beit al-Ajaib ya Unguja, ya mwaka 1883, ilizungushiwa veranda pana, ghorofa kwa ghorofa. Hao walijua jua linatoka wapi.

Kilichobaki Kigamboni ni kuweka vibati juu ya madirisha ya sebule, vitoke sentimita 60, na kumwaga zege kuzunguka msingi. Magharibi hata upenu wa 90 usingezuia jua la saa kumi. Pale upandwe mwarobaini, kabla ya vuli.