Maji ya Robo ya Mwisho: Kosa Lililoharibu Kazi Njema ya Magari ya Zege

Katika kazi yote ya kuendesha na kutumia magari ya kuchanganya zege, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980, hakuna uamuzi uliosababisha hasara kubwa kwa sababu ndogo kama ule wa kufungua maji wakati sehemu kubwa ya mzigo imekwisha kumwagwa na robo tu imebaki ndani ya pipa. Kila aliyewahi kusimama kando ya slabu inayomwagwa ameiona hatua hiyo: zege linaanza kutoka kwa shida, msimamizi anapaza sauti, dereva anafungua maji, pipa linazunguka mara chache, na zege linateremka kwenye mfereji kwa wepesi unaowaridhisha wote waliopo. Uamuzi huo ulikuwa kosa tangu siku ulipoanza kuzoeleka, na hauna hoja hata moja ya kiufundi inayoweza kuutetea.

Chanzo chake kimo katika historia ya gari lenyewe. Stephen Stepanian wa Columbus, Ohio, aliomba hataza ya gari la kuchanganya zege mwaka 1916, akaipata miaka mingi baadaye kwa kuwa ombi lake lilikataliwa mara ya kwanza, na miaka iliyofuata magari ya aina hiyo yakaenea katika miji ya Marekani. Wakati huo magari mengi yalipakiwa saruji, mchanga na kokoto vikiwa vikavu, huku maji yakibebwa katika tangi la pembeni lenye alama za vipimo, ili dereva ayaingize njiani au baada ya kufika. Kwa hiyo tangi lilikuwa chombo cha kupimia kabla ya kuwa chombo cha kubebea, na dereva wa enzi hiyo alijua kwamba maji yake ni sehemu ya mchanganyo kama ilivyo saruji, kwa sababu bila yeye zege lisingekuwapo.

Mambo yalibadilika pale viwanda vingi vilipoanza kuweka maji yote, au karibu yote, kiwandani. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, lakini tangi lilibaki juu ya gari kwa ajili ya kuoshea pipa na mfereji, na bomba lake likabaki limeelekezwa kwenye mdomo wa pipa kama zamani. Kilichopotea ni kipimo. Maji ya kuoshea hayahesabiwi, na maji yasiyohesabiwa yakiwa karibu na zege linalokauka, mtu mwenye haraka atayatumia. Kosa la robo ya mwisho lilizaliwa hapo.

Hesabu yake ni nyepesi, na inashangaza kwamba wasimamizi wengi hawakuifanya. Slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa kwa tabaka 3, kila tabaka likashindiliwa mara 25 kwa fimbo, kisha koni huinuliwa na kupimwa ni kiasi gani zege limeshuka. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na watengenezaji zege wa Marekani inasema kwamba galoni moja ya maji katika yadi moja ya ujazo, ambayo ni takriban lita 5 katika mita moja ya ujazo, huongeza slampu kwa milimita 25 hivi na hupunguza nguvu ya mgandamizo, yaani uwezo wa zege kuhimili kukandamizwa, kwa takriban megapaskali 1 hadi 1.4. Gari lililobeba mita 6 za ujazo likiongezewa lita 30 mara tu linapofika, kabla tone halijatoka, kila mita inapata lita 5, na upotevu huo wa nguvu mhandisi mwangalifu amekwisha kuuwekea nafasi katika mchanganyo wake. Lita hizohizo 30 zikiingizwa wakati imebaki mita 1.5, kila mita inapata lita 20, upotevu unakaribia megapaskali 4 hadi 5.6, na zege lililosanifiwa kufikia megapaskali 25 linapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake.

Hata hivyo hesabu hiyo inamtendea wema dereva, kwa kuwa inachukulia kwamba anajua kilichobaki. Kwa kweli hakuna aliyejua. Pipa halina dirisha wala mizani, mapezi yaliyopindwa kama parafujo na kuchomelewa ndani yake huficha sehemu ya zege, na mtu aliyesimama nyuma huona tu kile kilichofika mdomoni. Anayeongeza maji mwanzoni mwa kazi anajua ukubwa wa mzigo kwa sababu umeandikwa kwenye hati yake, ilhali anayeongeza baadaye anabahatisha maji na anabahatisha zege pia, na makisio hayo mawili hayawezi kuzaa mchanganyo unaoaminika.

Duff Abrams alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1918 katika Taasisi ya Lewis mjini Chicago, alipoonyesha kwamba kwa vifaa vilevile nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji kwa saruji, yaani uzito au ujazo wa maji ukigawanywa kwa ule wa saruji. Saruji huhitaji kiasi fulani tu cha maji ili kugandana. Yanayozidi hukaa katikati ya chembe zake, na yakikauka huacha vitundu vinavyodhoofisha zege na kupitisha unyevu hadi kwenye nondo. Robo ya mwisho ya gari aghalabu huishia pembeni mwa slabu, kwenye ukingo au kichwani mwa nguzo, mahali ambapo mjenzi hapaswi kabisa kuweka zege dhaifu kuliko la katikati.

Kinachoongeza uzito wa kosa hili ni kwamba vipimo vya kawaida havilioni. Sampuli za kujaza silinda au michemraba ya majaribio huchukuliwa wakati mzigo unaendelea kutoka, na taratibu za Marekani zinataka zitoke sehemu ya kati ya mzigo. Maji yakiingia baada ya hapo, silinda zitavunjwa siku ya 28 na kutoa majibu mazuri, ripoti itawekwa kwenye faili, na zege lililoharibiwa litakuwa limefunikwa na plasta bila mtu yeyote kulipima.

Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM C94, kilichoanza miaka ya 1930, kilikuwa na jibu. Kwa miongo mingi kilitaka zege limwagwe lote ndani ya dakika 90 au kabla pipa halijazunguka mara 300, kikaruhusu maji ya kurekebisha slampu gari linapofika na si baadaye, na kikaagiza kwamba maji hayo yafuatwe na mizunguko 30 zaidi kwa mwendo wa kuchanganya. Madereva bora wa miaka ya 1950 na 1960 waliishi ndani ya masharti hayo kwa ustadi unaostahili kukumbukwa. Kuchanganya kulihitaji mizunguko 70 hadi 100, na mwendo wa kutikisa njiani ulikuwa mizunguko 2 hadi 6 kwa dakika. Dereva aliyeweka pipa kwenye mizunguko 2 kwa dakika 90 alitumia 180. Akijumlisha 70 ya kuchanganya na 30 ya baada ya maji alifika 280, na bado alikuwa salama. Aliyeliacha lizunguke mara 4 kwa dakika alikuwa amekwisha kutumia 360 kwa safari peke yake, na joto la msuguano lilikuwa limeharakisha kukauka kwa zege ambalo baadaye angelitafutia maji. Kwa hiyo maji mengi ya robo ya mwisho yalikuwa malipo ya uzembe wa njiani.

Madereva hao walisaidiwa na mashine ambayo leo inadharauliwa bila haki. Magari mengi ya zamani yalikuwa na injini ya pili nyuma ya kibanda, iliyozungusha pipa kwa giaboksi na mnyororo, ikaongozwa kwa mipini ya mafuta na klachi iliyokuwa nyuma ya gari. Zege likiwa gumu injini hiyo ililemewa na mngurumo wake ukashuka, likilainika mngurumo ukapanda, na dereva aliyezoea aliweza kukadiria slampu kwa sikio huku macho yake yakiwa kwenye mdomo wa pipa. Mfumo wa haidroliki uliochukua nafasi hiyo, ambamo pampu inayoendeshwa na injini ya gari husukuma mafuta yanayozungusha mota ya pipa, ulipunguza kukatika kwa minyororo na ulikuwa maendeleo ya kweli. Lakini ulikuja na uwezekano wa kuendesha pipa kutoka kibandani, na tangu hapo madereva wengi wameacha kulitazama zege kwa karibu.

Kazi nyingine za dereva, kama vile kupunguza mwendo kwenye kona kwa sababu mzigo wa tani zaidi ya 14 huegemea upande ambao pipa linauvutia, zilifanywa vizuri. Vivyo hivyo desturi ya zamani ya kulizungusha pipa kinyume kabla ya kupakia, ili maji ya kuoshea yasiingie katika mzigo mpya, ilikuwa desturi ya fundi.

Lipo swali la nini kilipaswa kufanyika zege lilipogoma kutoka. Jibu lilikuwa wazi hata wakati huo. Mwisho wa mzigo mara nyingi huwa na kokoto nyingi kuliko rojo, na ukavu unaoonekana ni wa kutengana kwa vifaa. Kwa hiyo pipa lilipaswa kurudishwa kwenye mzunguko wa kuingiza, lichanganye kwa kasi kwa dakika moja au mbili, kisha limwage tena. Likiwa bado gumu, kazi ilikuwa ya vaibreta, yaani mashine ya kutetemesha zege ndani ya boksi, na likipitiliza muda lilipaswa kukataliwa. Tangu Japani ilipotengeneza vilainishi vya nguvu katika miaka ya 1960, na Ujerumani kufuata mapema miaka ya 1970, hata kisingizio cha mwisho kiliondoka, kwa kuwa kemikali hizo hulainisha zege bila kuongeza maji.

Si haki kumtwisha dereva lawama zote. Msimamizi aliyeamini kwamba zege zuri ni lile linalotiririka kama uji ndiye aliyedai maji, na malipo ya kwa safari yalimfanya dereva aone kila dakika ya kubishana kuwa hasara. Aliyetoa amri hakuandika jina lake popote, ilhali aliyevuta mpini ndiye aliyeonekana.

Magari ya zege yanapita leo Dar es Salaam na Nairobi kwenye foleni ndefu na joto linaloharakisha kukauka kwa zege, kwa hiyo kishawishi kimekuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa Ohio. Wahandisi wanaosimamia miradi wanapaswa kuagiza mambo matatu bila kuchelewa: mita ya maji iwepo kwenye kila gari, kila lita inayoongezwa iandikwe kwenye hati ya mzigo pamoja na saini ya aliyeiomba, na bomba la maji lifungwe mara tu zege la kwanza linapogusa mfereji. Msimamizi atakayeomba maji baada ya hapo akataliwe, na dereva atakayemkatalia alindwe na mwajiri wake.