Taa Yenye Umbo la Mlango

Mvua ya alasiri ikishapita hapa Kipkelion, mawingu hupasuka upande wa magharibi, na jikoni kwa nyanya mwanga huingia kwa mlango mmoja tu. Yeye huketi hapo akichambua maharagwe. Shavu la upande wa mlango linang'aa, la pili limezama kizani, ila chini ya jicho pana kipande cha mwanga chenye pembe tatu. Mholanzi Rembrandt alichora sura kwa mwanga wa namna hii katika karne ya 17, na wapiga picha wa studio huuita kwa jina lake hadi leo. Nyanya hana habari naye.

Pembe tatu hiyo nimeisaka kwenye kompyuta miezi kadhaa. Programu ninayotumia kuunda sura ya nyanya kwa 3D, Blender, ni ya bure. Msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2002. Ukiianzisha unapokewa na mchemraba, kamera na taa moja ya wati 1000. Taa za humo hazilipiwi stima wala hazihitaji stendi, kwa hiyo mgeni huzirundika: taa kuu, ya kujazia kivuli, ya nyuma ya kutenga nywele na ukuta, na nyingine za woga tu. Mimi nilifika saba. Nyanya akatoka kama aliyepigwa picha ya kitambulisho.

Tena akatoka wa kijivu. Nikaongeza wati, akazidi kuwa majivu. Ngozi nyeusi haitaki kumwagiwa mwanga. Inataka kitu kipana cha kuakisi. Weka taa pana ubavuni, igeuze kidogo kidogo, utauona mng'ao ukiteleza juu ya mfupa wa shavu kama maji juu ya jani la chai. Filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa miaka mingi kwa picha za wanawake Wazungu, na kwenye albamu za wazee wetu wapo waliobaki macho na meno. Mimi sina filamu ya kusingizia. Sura ikiharibika, ni mkono wangu.

Nilirudi jikoni. Taa ndogo ukiihamisha kutoka mita moja hadi mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Mlangoni nako mwanga huchoka upesi, ndiyo maana ungo ulikuwa mweupe na sufuria iliyo nyuma haikuonekana. Nikamsogelea nyanya zaidi. Ndani ya mboni, mdogo kuliko punje, ulisimama mlango mzima, na kizingiti chake.

Nikazifuta taa zote saba. Nikaweka moja, bapa, nyembamba na ndefu kwenda juu, upana na urefu wa ule mlango, karibu na shavu. Jicho likapata uhai kabla hata ya ngozi.

Nawe ukianza, ifute ile taa ya wati 1000, kisha nenda ukamtazame mtu aliyeketi mlangoni kwenu.