Moto kwanza, kigae baadaye

Bibi mmoja, jirani yetu hapa mtaani Rwezamenyo, aliivua pete kwa taabu akaniwekea kiganjani. "Mwanangu, hebu nitazamie. Ilikuwa inanibana, sasa imepasuka." Ni pete ya fedha ya Lamu, na kito chake ni kigae cha kaure ya Uchina, cheupe chenye ua la buluu. Ufa mwembamba kama unywele ulilikata ua katikati. Alikuwa ameipeleka kwa fundi aitanue, naye akaipiga moto kigae kikiwa ndani.

Niliiangalia muda mrefu, kwa sababu aliyeitengeneza hakukosea hata mahali pamoja.

Tuanze na kigae. Kipande cha bakuli kina mbonyeo, ukikilaza juu ya bamba kinayumba. Kwa hiyo mfua fedha hukisugua mgongo juu ya jiwe lenye maji mpaka kitulie. Maji hayo ni ya lazima: kikisuguliwa kikavu hupata joto, gamba lake la kioo likameguka ukingoni, na vumbi lake linaharibu mapafu. Kisha kingo husuguliwa kwa mteremko mdogo, chini pawe papana kuliko juu. Usiudharau mteremko huo. Ndipo fedha itakaposhika.

Halafu huja ukanda mwembamba wa fedha, unaozungushwa kigaeni, ukatiwa alama na kukatwa. Ukanda hufuata kigae, na ndiyo maana pete mbili za namna hii hazifanani kamwe. Ncha zake hupigwa tupa mpaka zikikutana mwanga usipite, maana lehemu haizibi pengo, hupita tu pale fedha inapogusana na fedha. Lehemu yenyewe ni fedha iliyotiwa shaba na zinki ili iyeyuke mapema. Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzi 962 za selsiasi, lehemu chini ya hapo, na fundi hufanya kazi katika mwanya huo mdogo kwa kutazama rangi ya moto. Hupaka boraksi ili hewa isiitie shaba weusi, halafu hulipasha bamba lote lililobeba ukanda badala ya kuichoma lehemu. Joto likitosha, lehemu humetameta ghafla na kukimbia kuzunguka ukanda wote. Ni sekunde moja. Akizidisha, ukanda unanywea na kazi imekwenda.

Duara la kidole nalo hulehemiwa, pete ikaoshwa katika asidi hafifu (hata ukwaju au ndimu hufaa), ikasuguliwa ikang'aa. Moto umezimwa. Sasa ndipo kigae kinapoingia.

Wanavajo wa Marekani hufuata sheria hiyohiyo, na kwao ni kali zaidi. Feruzi, kito chao, ina maji ndani ya muundo wake. Ukiichoma inapoteza rangi na kupasuka. Walijifunza kufua fedha katikati ya karne ya 19 kwa mafundi wa Meksiko, na jina la Atsidi Sani ndilo linalokumbukwa mwanzoni kabisa. Waliyeyusha peso na dola, na feruzi ikaanza kutiwa ndani ya fedha baadaye, kuelekea miaka ya 1880. Oman nako waliyeyusha reale za Maria Theresa, zenye mwaka 1780, gramu 28 hivi kila moja, sehemu 833 za fedha katika 1,000. Shaba iliyomo huifanya fedha hiyo kuwa ngumu, inafaa bangili. Ukanda wa kito hutaka fedha laini zaidi, vinginevyo hauinami.

Na kuinama ndiyo kazi ya mwisho. Kwa kijichuma butu fundi husukuma ukanda upande mmoja, kisha upande unaoutazama, kisha pande mbili zilizobaki, ndipo afuate kati yake. Akizunguka mfululizo, kigae kitasogea na fedha iliyozidi itajikunja pembeni. Gundi haihitajiki. Wanavajo wengi wa zamani waliweka unga wa mbao chini ya jiwe ili litulie. Kwenye pete ya bibi, mgongo uliosuguliwa vizuri ulitosha.

Kwa hiyo njia ya kuitanua ilikuwapo: kuinua ukanda taratibu, kutoa kigae, kukata duara, kuongeza kipande cha fedha, kulehemu, kuosha, na kukirudisha. Ni kazi ya nusu siku. Fundi yule aliyeipiga moto alitaka dakika tano, na inaniuma.

Nilimwambia bibi kigae kingine kinaweza kukatwa kutoka sahani iliyovunjika nyumbani. Cha magofuni sitaki kukisikia: kigae kilicho ardhini ndicho kinachomwambia mchimbuzi wa mambo ya kale ukuta ule ni wa lini, na Kenya inakilinda kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Alisikiliza, akaitazama pete.

"Kirudishe hichohicho," akasema. "Huu ufa nao ni wangu."

Nimeinua ukanda robo ya mzunguko. Fedha bado ni laini, na mteremko uko palepale fundi wa Lamu alipouacha.