Maji Safi, Maji Maangavu, Maji Salama: Uhakiki wa Istilahi za Chujio la Tangi la Samaki

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki lugha ya karatasi moja ya maelekezo, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kufungwa pamoja na chujio la umeme la tangi la samaki wa nyumbani. Karatasi hiyo ilimfikia mwandishi kwa mkono wa jamaa yake, mwalimu wa sekondari mjini Mtwara, ambaye aliifuata neno kwa neno. Samaki wake wanane, perege wachanga aliopewa na mfugaji mmoja wa mabwawa, walikufa wote katika muda wa majuma mawili. Mwalimu huyo aliuliza swali ambalo mtu wa istilahi hana njia ya kulikwepa: “Kiswahili nakijua, na yaliyoandikwa nimeyafanya. Nimekosea wapi?” Jibu letu ni kwamba hakukosea. Istilahi ndizo zilizomponza.

Jina la kiwanda halitatajwa, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya kiwanda kimoja. Yamo pia katika maelekezo ya mashine za kusukuma maji, ya dawa za mifugo, na hata katika nyaraka zinazopita mikononi mwetu maofisini.

Makosa yanayochekesha

Tuanze na yale yaliyo dhahiri. Sehemu ya mwisho ya karatasi ina kichwa kisemacho “Kupiga Risasi Matatizo.” Msomaji anayeijua lugha ya asili ataona mara moja mfasiri alikoteleza. Mafundi wetu wa magari na wa redio hawahitaji risasi: wao husema wanatafuta hitilafu, au wanatafuta ubovu. Neno lilikuwepo gereji siku zote, na mfasiri alipaswa kulifuata huko kabla ya kufungua kamusi.

Mahali pengine mwenye tangi anaagizwa aoshe “vyombo vya habari vya chujio” kila mwezi. Hapa mfasiri alikutana na neno la kigeni lenye maana nyingi, akachukua ile aliyoizoea magazetini. Kinachokusudiwa ni sponji, pamba na vigae vidogo vinavyotiwa ndani ya chujio ili maji yapite kati yake. Tunapendekeza viitwe vijazo vya chujio, yaani vitu vinavyokijaza chombo.

Makosa ya namna hii yanaiaibisha lugha, lakini hayadhuru sana. Msomaji hucheka, hutambua kwamba maneno hayo hayawezi kuwa na maana hiyo, kisha hutumia akili yake. Mwalimu wetu alicheka, akafahamu kwamba ni sponji inayosemwa.

Makosa yasiyochekesha

Hatari iko katika maneno ambayo ni Kiswahili fasaha, yenye kueleweka na kila mtu, ila yanasema jambo jingine. Msomaji hana sababu ya kuyashuku, kwa hiyo huyatii.

La kwanza ni mzunguko. Karatasi inasema: “Usitie samaki kabla mzunguko haujakamilika.” Mwalimu alijaza tangi, akawasha pampu, akayatazama maji yakipanda katika bomba na kurudi tangini. Mzunguko ulikamilika mbele ya macho yake. Siku ya pili akatia samaki.

Mzunguko uliokusudiwa hauonekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na katika kinyesi, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia vilevile. Amonia ni sumu, na ukali wake huzidi kadiri maji yanavyokuwa ya joto na ya alkali. Katika tangi lililokaa muda wa kutosha, bakteria wa namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wa namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hao hujishikiza juu ya vijazo vya chujio, na aghalabu huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka kiasi cha kulitosha tangi jipya. Hicho ndicho kinachopaswa kungojewa. Kwa kuwa neno mzunguko limekwisha kazi yake katika pampu, yafaa jambo hili lipewe jina lake: kukomaza tangi. Tangi hukomaa kama mtungi mpya unavyozoeshwa maji, na kila mtu anajua kwamba kukomaa kunataka siku.

La pili, na ndilo baya zaidi, ni safi pamoja na kitenzi chake safisha. Siku ya tano maji ya tangi yalififia yakawa kama yametiwa tui. Jambo hili ni la kawaida katika tangi changa, na mara nyingi huondoka lenyewe. Mwalimu akatazama katika orodha ya hitilafu, akakuta: “Maji yakiwa machafu, safisha chujio kwa maji safi mpaka litakate, kisha jaza tangi maji safi.” Akaisugua sponji chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya, akamwaga maji yote, akajaza mengine. Maji yalimeta kama kioo. Ndani ya maji hayo maangavu samaki walianza kupanda juu na kutwetea hewa, wakafa mmoja baada ya mwingine.

Kila neno katika agizo lile lilitiiwa. Maji ya bomba yalikuwa safi kwa maana ya mnywaji, kwa sababu yametiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini hiyo hiyo huwadhuru samaki, na huwaua wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kukaa katika sponji. Ukoga uliosuguliwa ukatoka ndio uliokuwa mtambo wenyewe. Mwalimu aliondoa uchafu unaoonekana, akaondoa pamoja nao kitu pekee kilichokuwa kikipambana na uchafu usioonekana.

Funzo la Ghuba ya Mnazi

Je, Kiswahili ni maskini kiasi cha kuwa na neno moja tu kwa kazi hizi zote? Mwandishi na mwalimu wake waliliwaza swali hilo ufukweni Msimbati, na jibu lilikuwa mbele yao. Upande wa kusini wa kijiji hicho Mto Ruvuma, unaotenga Tanzania na Msumbiji, huingia baharini. Ni ndani ya eneo lililotangazwa mwaka 2000 kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 650 hivi. Mto huja na tope, ilhali matumbawe ya ghuba hayawezi kuishi bila maji maangavu. Kati ya mto na matumbawe kazi ya maji hugawanywa, na kila kazi ina neno lake la Kiswahili.

Mizizi ya mikoko hupunguza mwendo wa maji, na tope hutuama. Kinachobaki chini ni mashapo. Chaza na kombe huyafyonza maji na kuyachuja chembe. Bakteria walio katika tope huigeuza amonia, na ndani zaidi, katika tope jeusi lisilo na hewa, wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi angani. Kisha maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakizimua kilichobaki. Tangi la nyumbani halina kujaa wala kupwa, na aghalabu halina tope la kuimaliza nitrati. Kwa hiyo mwenye tangi hana budi kuwa yeye mwenyewe bamvua, kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda.

Watu wa pwani hawajapata kuzichanganya sifa za maji. Wanajua kwamba maji yanaweza kuwa maangavu yasiwe twahara, na kwamba maji ya kisima yanaweza kuwa matamu yakaleta maradhi. Serikali yenyewe, katika msemo uliozoeleka nchini kote, husema maji safi na salama. Isingelikuwa na haja ya maneno mawili kama safi ingelitosha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi usafi na kinga ya maradhi kwa maneno ya kawaida kabisa, na ikaeleweka. Upungufu basi haumo katika lugha. Umo katika tabia yetu sisi waundaji wa istilahi, ya kuridhika pindi neno la kigeni linapopata neno moja la Kiswahili mbele yake, bila kuuliza kitendo chenyewe ni kipi.

Nitriti na nitrati

Limebaki jambo moja la maandishi. Karatasi yetu inaandika “nitrati” kila mahali, hata panapokusudiwa nitriti, na inamtuliza msomaji kwamba kupanda kwake kidogo si kitu cha kuhofiwa. Kwa nitrati hilo ni kweli. Nitriti, kinyume chake, huiharibu damu ya samaki isiweze kuchukua oksijeni, naye hukosa pumzi katikati ya maji yenye hewa. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa irabu moja tu, na mpiga chapa anaweza kuibadili irabu hiyo asijue kwamba amebadili uhai kuwa kifo.

Hatupendekezi yaachwe, maana ni ya kimataifa na wanafunzi huyakuta katika kemia. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya watu wa kawaida nitriti iandikwe daima pamoja na maelezo yake, “nitriti, ambayo ni sumu,” na kwamba msomaji wa mwisho wa chapa aonyeshwe maneno hayo mapema.

Mapendekezo

Tunayaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji ili yajadiliwe:

tangi la samaki: chombo cha kioo cha kuwekea samaki wa kutazamwa, lisiitwe bwawa, ambalo ni la ufugaji.
vijazo vya chujio: sponji, pamba, vigae na vitu vingine vinavyotiwa ndani ya chujio.
kutuamisha: kuyaacha maji yatulie ili mashapo yashuke.
kuchuja: kuondoa chembe kwa kuyapitisha maji katika kijazo.
kugeuza sumu: kazi ya bakteria ya kuibadili amonia kuwa nitriti, kisha nitrati.
kuzimua: kupunguza ukali wa sumu kwa kubadilisha sehemu ya maji.
kuua vijidudu: kazi ya klorini au ya kuchemsha; isiitwe kusafisha.
kusuza: kupitisha kitu majini bila kukisugua wala kukitia sabuni.
kukomaza tangi: kulea bakteria mpaka watoshe kabla ya kutia samaki wote.

Kwa maneno haya agizo lililomponza mwalimu lingeweza kuandikwa hivi: “Maji yakififia, usiyamwage yote. Teka robo ya maji ya tangi kwa ndoo. Suza sponji ndani ya ndoo hiyo mpaka mashapo yatoke, uache ukoga wake. Kisha jazia tangi kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke.” Agizo hili ni refu kuliko lile la kwanza, na halina neno hata moja linalohitaji kamusi.

Huenda msomaji akaona kwamba perege wanane ni jambo dogo la kujazia kurasa za jarida hili. Lakini mfasiri yuleyule anayeandika “safisha” katika karatasi ya tangi la samaki ataandika “safisha” katika karatasi ya kisima cha kijiji, na ya chupa ya mtoto mchanga. Walimu na watumishi walio karibu na mafundi, wavuvi na wafugaji wanaombwa watuletee maneno yanayotumika huko. Mwalimu wetu amelijaza tangi lake upya, na safari hii anangoja likomae.